Kabla ya kumnunulia mtoto fimbo ya kuvulia trauti

Likizo inapokaribia, kuna mzazi atakayejikuta kwenye duka la vifaa vya michezo na mtoto aliyeshika fimbo ya kuvulia, na hataki kuiachia. Muuzaji naye hapotezi wakati: "Mama, hii ndiyo wanayotumia mabingwa." Bei inatajwa, mama anashusha pumzi, na swali kubwa bado halijaulizwa. Je, fimbo hiyo inamfaa mtoto huyu, na mshipi atakaoutumia ni upi?

Uvuvi wa nzi bandia si mgeni Kenya. Samaki aina ya trauti waliletwa katika mto Gura, milima ya Aberdare, mwaka 1905. Leo wanapatikana katika mito kadhaa ya baridi inayoteremka kutoka Aberdare na Mlima Kenya. Kwa familia za mjini, siku moja kando ya mito hiyo ni nafasi ya mtoto kuweka simu chini na kujifunza subira. Lakini wengi huacha baada ya safari ya kwanza, na mara nyingi kosa si la mtoto. Ni la vifaa.

Mshipi ndio unaorushwa

Aliyezoea uvuvi wa kawaida anajua kwamba chubwi ndiyo inayouvuta mshipi hadi mbali. Katika uvuvi wa nzi hakuna chubwi. Nzi wa bandia ni manyoya na uzi vilivyofungwa kwenye ndoana ndogo, na hana uzito wa kumfikisha popote. Kinachorushwa ni mshipi wenyewe, ambao ni mnene kwa sababu umevikwa plastiki. Uzito wake huipinda fimbo, kisha fimbo hunyooka na kuusukuma mbele.

Ndiyo maana fimbo na mshipi hupewa namba, na namba hizo zinapaswa kulingana. Fimbo ya namba 5 hutumia mshipi wa namba 5. Namba ya fimbo huandikwa juu kidogo ya mahali pa kushikia, na ya mshipi iko kwenye boksi lake. Mshipi ukiwa mwepesi mno, fimbo haipindi na mshipi unaanguka miguuni kama tambi. Mtoto atajaribu mara ishirini, atajiona hawezi, na baba atadhani amechoka mapema.

Kwa mito midogo ya milimani, namba 4 au 5 inatosha. Mtu mzima hutumia fimbo ya futi 9, lakini mtoto wa miaka 9 au 10 humudu kwa urahisi zaidi ya futi 7 na nusu au 8. Ikiwa ndefu mno itamchosha kifundo cha mkono, na itanasa kwenye matawi ya kando ya mto.

Pesa ziende wapi

Mzazi mwenye bajeti ndogo aanze na mshipi mzuri, unaoelea, ambao sehemu yake ya mbele ni nene kuliko ya nyuma. Huo ndio rahisi kwa anayejifunza. Fimbo ya bei ya kati yenye mshipi mzuri humsaidia mtoto kuliko fimbo ghali yenye mshipi mbovu.

Mahali pa kubana matumizi ni kwenye rili, yaani kile kigurudumu kinachokunja mshipi. Kwa samaki wadogo wa mtoni, kazi yake kubwa ni kuhifadhi mshipi tu. Inatosha ikiwa inazunguka bila kukwama, na isiwe nzito kiasi cha kumlemea mtoto.

Mbele ya mshipi huo hufungwa uzi mwembamba usioonekana kwa urahisi majini. Ncha yake hupimwa kwa namba ambazo huwachanganya wanunuzi, kwa sababu kadiri namba inavyokuwa kubwa, ndivyo uzi unavyokuwa mwembamba. 4X au 5X zinafaa. Ndoana ndogo nazo huenda kinyume vilevile: namba 14 ni ndogo kuliko namba 12. Nzi kumi hivi wa saizi hizo wanatosha kuanzia. Kenya ina mafundi, wengi wao wanawake, wanaofunga nzi wa kuuzwa Ulaya na Marekani, kwa hiyo si lazima kuagiza kutoka ng'ambo.

Kuikagua dukani, au kwa aliyeitumia

Fimbo nyingi huja katika vipande vinne. Mzazi aombe iunganishwe yote, kisha aangalie kwa jicho moja kutoka kwenye mpini hadi nchani. Pete zote zinapaswa kukaa katika mstari mmoja, na viungo visilegee vikitikiswa taratibu. Kisha apitishe pamba ndani ya kila pete. Pamba ikinasa, pete ina ufa, na ufa huo utaukata mshipi polepole.

Kwa vifaa vilivyokwisha kutumika, mshipi uvutwe wote kati ya vidole viwili. Ukiwa na nyufa au unanata, hesabu ya kununua mwingine iingizwe kwenye bei kabla ya kukubaliana.

Jaribio la mwisho ni la mtoto mwenyewe. Afungiwe rili, ashike fimbo, aipunge mbele na nyuma kwa dakika kumi. Vidole vyake vinapaswa kuuzunguka mpini vizuri. Akianza kutumia mikono miwili, fimbo hiyo si yake bado, hata kama muuzaji anasema "atakua nayo." Viatu huweza kusubiri mguu ukue, lakini mtoto anayejifunza kurusha kwa mkono uliochoka hujifunza vibaya.

Kitu cha kwanza kununuliwa

Kabla ya fimbo, mtoto anunuliwe miwani. Ndoana ikirushwa hupita nyuma na mbele ya kichwa kwa kasi, na upepo wa milimani hugeuka bila taarifa. Jicho likichomwa, jambo ni la hospitali siku hiyohiyo, na wakati mwingine uoni haurudi. Miwani yoyote imara inayofunika na pembeni, pamoja na kofia yenye ukingo, hupunguza sana hatari hiyo. Anayesimama karibu naye avae pia.

Ndoana nazo zibanwe kwa koleo, ili kile kijino kinachoelekea nyuma kilale. Ndoana iliyobanwa hutoka kwa urahisi kwenye kidole cha mtoto, na pia kwenye mdomo wa samaki anayerudishwa majini.

Fimbo nyingi za sasa zimetengenezwa kwa kaboni, na kaboni hupitisha umeme. Radi ikisikika, ambalo si jambo la ajabu milimani wakati wa mvua, fimbo ilazwe chini na watoto waondoke mtoni. Isipungwe kamwe chini ya nyaya za umeme.

Suruali ndefu za mpira za kuingilia majini zisinunuliwe kwa mtoto. Zikijaa maji humlemea, na mito hiyo ni baridi na ina mawe yanayoteleza. Avulie ukingoni, akiwa na mtu mzima umbali wa mkono. Kwenye misitu yenye tembo na nyati, familia isiende bila askari wa wanyamapori au kiongozi anayelijua eneo. Leseni ya uvuvi, na ada ya kiingilio ikiwa mto uko ndani ya hifadhi, viulizwe mapema.

Majani kwanza, mto baadaye

Wiki mbili kabla ya safari, mazoezi yafanyike kwenye uwanja wenye majani. Badala ya nzi, kifungwe kipande cha uzi wa sufu wenye rangi kali. Sahani ya plastiki iwekwe umbali wa mita 6, na mtoto ajaribu kuifikia. Robo saa kwa siku inatosha, na hakuna anayeumia. Hapo pia mzazi ataona kama vifaa vinaendana: mshipi ukinyooka hewani na kutua taratibu, namba zimelingana.

Baada ya kila matumizi, mshipi ufutwe kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo. Mikono iliyopakwa dawa ya kufukuza mbu ioshwe kabla ya kuugusa, kwa sababu DEET, kemikali iliyomo katika dawa nyingi za aina hiyo, huharibu plastiki. Kazi hiyo apewe mtoto. Mtoto anayeweza kuunganisha fimbo yake, kuifuta na kuirudisha kwenye mfuko wake bila kukumbushwa, huyo yuko tayari kupelekwa mtoni.