Maghorofa ya vioo: jua linatuchoma, nani analipa?

NDUGU msomaji, ukishuka daladala pale Posta saa nane mchana, inua macho. Maghorofa ya vioo yanang'aa utadhani uko Ulaya. Sasa sikiliza. Kioo kinaruhusu mwanga wa jua uingie, meza na sakafu vinapata moto, na joto hilo halitoki tena. Ndipo viyoyozi vinanguruma kutwa nzima kulifukuza. Kule kwenye baridi wanalitafuta joto hilo. Sisi tulio nyuzi 7 kusini mwa Ikweta tunalitaka la nini?

Vigogo wanaita maendeleo. Mimi naita ushamba wa gharama kubwa.

Jua la Dar halina siri. Mchana linapita karibu na utosi. Juni linaegemea kaskazini, Desemba kusini kidogo. Hiyo ni jiografia ya sekondari, na mimi niliishia hapo hapo. Adui ni ukuta wa magharibi, maana jua la alasiri huja limelala na paa halilizuii. Kwa hiyo jengo linyooshwe toka mashariki kwenda magharibi, madirisha yatazame kaskazini na kusini chini ya upenu mpana. Ngazi, stoo na vyoo ndivyo vikapigwe jua la jioni.

Wala si elimu ya kuagiza ng'ambo. Beda Amuli, msanifu wetu mwenyewe, alilichora Soko la Kariakoo lililofunguliwa 1975 likiwa na miavuli mikubwa ya zege: kivuli kipo, hewa inapita, na maji ya mvua yanakingwa.

Halafu kuna umeme wa paa. Jua kali la mchana hutupa karibu kilowati 1 katika kila mita ya mraba, na paneli za leo hugeuza kama sehemu ya tano yake kuwa umeme, saa zile zile ofisi zinapouhitaji. Ila ghorofa refu lina paa dogo na njaa kubwa. Joto lipunguzwe kwanza kwenye ramani, paneli zifuate. Kubandika paneli juu ya tanuri la vioo ni kuchota maji kwa pakacha.

Tumeona mengi kwenye umeme. Mgao wa 2006 ulituzalia Richmond, na Februari 2008 Waziri Mkuu akajiuzulu. Mgao ukarudi 2023. Sasa Bwawa la Nyerere lipo, megawati 2,115, sawa. Hivi kweli tumelijenga ili lipooze kuta zilizogeuzwa vibaya?

Wewe wa Manzese au Mbagala, unayelala chini ya bati lisilo na dari, unayajua haya kwa jasho. Feni inazungusha joto lile lile, uniti za LUKU zinayeyuka. Siku ukijaliwa kiwanja, fundi asichimbe msingi kabla hamjasimama pale saa kumi alasiri mkaona jua linapigia wapi. Weka dari, acha matundu juu hewa ya moto itoke, paka bati rangi nyeupe.

Wakubwa nao tunawauliza: ofisi mpya za umma, pamoja na zile za Mtumba, Dodoma, zinakula umeme kiasi gani kwa mwezi kwa viyoyozi peke yake? Hesabu itolewe jengo kwa jengo, maana anayelipa ni mlipakodi.