Mbolea Iliyo Chini ya Kunde

Wenzangu wanafunzi, na ninyi kaka zetu mliotangulia, mara nyingi nasikia ikinenwa kwamba ardhi yetu ya pwani, tangu Palma hata Mocímboa da Praia, imechoka, haifai kitu bila mbolea ya dukani. Mimi siafiki.

Ng'oeni mche wa kunde unaotoa maua. Mizizini mtaona vinundu vidogo. Pasueni kimoja: kikiwa chekundu ndani, kinafanya kazi. Humo wamo bakteria, ambao Mholanzi Beijerinck aliwatoa mizizini akawakuza peke yao mwaka 1888. Katika hewa, sehemu 78 kwa 100 ni naitrojeni, lakini mahindi hayawezi kuitwaa. Bakteria hawa huigeuza iwe chakula cha mmea, na kunde huwalipa sukari.

Wazee wetu waliochanganya kunde na mbaazi katika mihogo hawakukosea. Kosa ni letu sisi tunaong'oa mashina baada ya mavuno na kuyachoma. Naitrojeni hupotelea hewani. Tukate, tuache mizizi, tufukie majani, na msimu ujao tupande mahindi papo hapo.

Sisemi kwamba vidudu hawa watosha kwa yote, fosforasi hawaileti. Lakini ndugu zetu waliokimbia vita vilivyoanza mwaka 2017, wengi wanaorudi mashambani hurudi mikono mitupu. Fedha ya mbolea hawana. Kibaba cha kunde huenda wakakipata. Tusipowaeleza sisi tuliosoma, elimu yetu ni ya nini? Akiba haiozi, nayo imo mizizini.