MALEZI: Akisema ‘nishushe’, mshushe

JUMAMOSI moja asubuhi, katika ukumbi wa kukwea ukuta jijini Nairobi, msichana wa miaka 11 alikwama katikati ya safari.

Alikuwa amepanda kiasi cha mita sita. Vidole vilikuwa vimeng’ang’ania kishikio cha plastiki cha rangi ya manjano, na mguu wa kulia ulitetemeka kama sindano ya cherehani. Chini, babake alikuwa ameshika kamba, shingo ameikunja nyuma, akipaza sauti.

“Shika hicho cha kushoto! Inua mguu! Bado kidogo tu!”

“Baba, nishushe.”

“Huwezi kuishia hapo, mwanangu. Umekaribia!”

“Baba, nishushe!”

Mkufunzi wa ukumbi, mwanadada aliyekuwa akiwatazama kwa mbali, alisogea na kusema kwa sauti ya chini: “Mzee, akisema nishushe, mshushe. Ukimkatalia leo, kesho hataiamini hiyo kamba.”

Baba alimshusha polepole. Msichana hakulia. Alikunywa maji, akaketi kando na kuutazama ukuta kwa dakika kama kumi. Kisha akainuka mwenyewe. “Baba, turudi.”

Mara hii alikipita kile kishikio cha manjano, akashika vingine viwili juu yake, halafu akaomba kushushwa tena. Juu kabisa hakufika, lakini alishuka akitabasamu.

Baba wa maboksi

Mzazi huyu si mkali. Ni mmoja wa wale akina baba wanaojituma kupita kiasi. Mtoto akipewa na mwalimu kazi ya kuunda nyumba kwa maboksi, yeye ndiye hukesha akikata na kupaka gundi, huku mwenye kazi amelala. Mkewe humtania: “Baba watoto, mwaka huu wakikupandisha gredi usisahau kutualika.”

Nia yake ni njema. Hataki mtoto aaibike mbele ya wenzake. Lakini kwa miezi kadhaa msichana alikuwa ameacha kumwambia habari za shule. Akiulizwa siku ilikuwaje, jibu lilikuwa “sawa tu”. Akiulizwa matokeo ya mtihani, alisema mwalimu hajarudisha karatasi.

Safari ya ukutani lilikuwa wazo la mama, aliyetaka wawili hao wapate jambo la kufanya pamoja lisilohusu vitabu. Hakujua kwamba mwanafunzi wa siku hiyo angekuwa mumewe.

Kamba isikaze, isilegee

Kamba ya mkweaji hufungwa kwenye mkanda wa kiunoni, hupanda hadi juu kabisa ya ukuta, kisha hurudi chini kwa mwenzake aliyesimama sakafuni. Kila anapopanda hatua, mwenzake huvuta kamba iliyozidi na kuipitisha katika kifaa cha breki kilicho kwenye mkanda wake. Mkono wa breki hauiachi kamba hata sekunde moja. Mkweaji akiteleza, kifaa hubana naye hubaki akining’inia.

Kazi hiyo ina makosa mawili makubwa. La kwanza ni kulegeza. Mtoto akiteleza, anaporomoka mbali kabla kamba haijamshika. Kila mzazi analiogopa kosa hilo.

La pili ni kukaza mno, na hili mara nyingi hutokana na mapenzi. Mzazi anavuta kamba mpaka mtoto anapanda kama ndoo ya kisimani. Atafika juu, na picha itapigwa, lakini mikono na miguu yake haitakuwa imejifunza kitu. Zile nyumba za maboksi zilijengwa kwa kamba ya namna hiyo.

Anayeshika kamba vizuri humwacha mtoto abebe uzito wake mwenyewe, atafute kishikio mwenyewe, hata akosee. Yeye hufuata tu, macho juu na mkono tayari.

Kuanguka nako hufundishwa

Kando ya kuta ndefu, kumbi nyingi huwa na ukuta mfupi usio na kamba, wenye magodoro mazito chini yake. Hapo mgeni hufundishwa kuanguka kabla ya kupanda: tua kwa miguu, kunja magoti, jiviringishe mgongoni, na mikono ikumbatie kifua. Anayenyoosha mikono nyuma ili ajizuie anaweza kuvunjika kifundo cha mkono.

Wazazi wengi huwaandaa watoto kufaulu tu. Mtoto huambiwa atanunuliwa baiskeli akipata alama nzuri. Ni wachache huambiwa watakachokuta nyumbani wakipata alama mbaya. Asiyejua atatua wapi ana njia moja tu ya kujikinga, nayo ni kuficha karatasi.

Waswahili husema asiyekubali kushindwa si mshindani. Katika Michezo ya Olimpiki ya Paris mwaka 2024, Mmarekani Sam Watson aliukwea ukuta wa mita 15 kwa sekunde 4.74, rekodi mpya ya dunia. Hata hivyo alirudi nyumbani na medali ya shaba. Dhahabu ilimwendea Veddriq Leonardo wa Indonesia, aliyetumia sekunde 4.75 katika fainali. Watson alikuwa ameshindwa katika nusu fainali. Rekodi hiyo aliiweka baada ya kushindwa, katika mbio za kuwania nafasi ya tatu.

Kupumzika si uvivu

Wageni wa mchezo huu hujivuta kwa mikono, na baada ya dakika chache mikono inakufa ganzi. Wazoefu husukuma kwa miguu, yenye nguvu zaidi. Wakipata kishikio kizuri, hunyoosha mkono, huupumzisha ule mwingine, huvuta pumzi na kutazama njia iliyobaki.

Anayewaona kwa mara ya kwanza hudhani wamekwama, kumbe wanapumzika. Mtoto anayetoka shuleni akaingia kwenye masomo ya ziada, kisha wikendi nayo ikawa ya vitabu, hana pahali pa kuunyoosha mkono. Huenda kinachoonekana kuwa uvivu ni mikono iliyokwisha nguvu.

Mtoto naye akague

Kabla ya mguu kuondoka sakafuni, wawili hao hukaguana. Mwenye kamba hutazama fundo la mkweaji, na mkweaji hutazama kifaa na mkanda wa mwenye kamba. Hakuna anayesamehewa ukaguzi kwa sababu ya umri.

“Baba, mkanda wako umelegea,” msichana alisema kabla ya kupanda mara ya pili. Baba akatazama, akaona ni kweli, akaukaza na kumshukuru. Heshima yake haikupungua. Huenda ilikuwa mara ya kwanza kwa mtoto huyo kumwambia baba kwamba amekosea, na kusikilizwa.

Je, hatazoea kushuka?

Hapa mzazi anaweza kuuliza: mtoto akishushwa kila anapolalamika, si atakuwa mtu wa kukata tamaa?

Jibu liko katika zile dakika kumi. Msichana aliposhuka, hakuna aliyemcheka, hakuna aliyemlinganisha na mtoto wa jirani, na hakuna aliyemwambia basi twende nyumbani. Ukuta ulibaki pale pale ukimsubiri. Kumshusha mtoto ni kumpa nafasi ya kupumua. Kumwondolea ukuta ni jambo jingine kabisa.

Shule si jambo la hiari, na mtoto hawezi kusema “nishushe” akaacha hisabati. Lakini anaweza kusema amechoka, haelewi, au anaogopa, na akahitaji jioni moja bila kelele kabla ya kurudi. Anayejua kwamba atashushwa akiomba huthubutu kupanda juu zaidi. Asiyeiamini kamba hung’ang’ania kishikio kimoja, au hukataa kupanda kabisa.

Jumapili usiku

Siku iliyofuata, baada ya chakula cha jioni, msichana alikuja sebuleni na karatasi iliyokunjwa mara nne. Ulikuwa mtihani wa hisabati wa wiki tatu nyuma, ule ambao “mwalimu hajarudisha”. Alama zilikuwa chini ya nusu.

“Baba, hesabu za sehemu zimenishinda.”

Maneno mengi yalimjia babake kooni. Mbona ulinidanganya? Ada nalipa ya nini? Aliyameza. Akavuta kiti. “Ulikwama wapi? Nionyeshe.”

Msichana akaonyesha swali la nne. Baba alisoma, akaanza kueleza, na punde akajikuta ameishika penseli na anaandika jibu. Akasita. Akairudisha penseli mezani, mbele ya mtoto.

Walikaa na swali hilo moja karibu nusu saa. Jibu la kwanza halikuwa sahihi, na la pili vilevile. La tatu lilikuwa sahihi, tena kwa mwandiko wa mtoto. Habari ya kudanganya ilizungumzwa kesho yake, kwa utulivu, na mtoto akaomba msamaha kabla ya kuulizwa.

Hata pasipo ukuta

Si kila familia ina ukumbi karibu wala pesa za kiingilio. Kamba ya aina hii yaweza kushikwa popote. Mtoto anayejifunza baiskeli, kuogelea au kusukuma chapati anahitaji mtu wa kusimama karibu, mikono tayari lakini bila kushika usukani. Chapati ya kwanza itatoka na umbo la ramani. Iliwe.

Wiki hii mzazi anaweza kujaribu mambo matatu. Achague kazi moja ya mtoto ambayo yeye ndiye amekuwa akiifanya, na aiachie mikono midogo. Amwambie mtoto waziwazi, kabla ya matokeo yajayo, kwamba akileta alama mbaya wataketi na kuitazama karatasi pamoja. Na mtoto akisema amekwama, swali la kwanza liwe “wapi?” kabla ya “kwa nini?”

Wakwezi wa minazi kule pwani hukata vidato kwenye shina la mnazi ili wapate pa kukanyaga. Neno hilohilo ndilo tulilozoea kulitumia kwa madarasa ya sekondari: kidato cha kwanza, cha pili, hadi cha nne. Kila kidato hukanyagwa kwa mguu wa anayepanda. Mzazi, hata awe na mapenzi kiasi gani, hawezi kumkanyagia mwanawe. Anachoweza ni kusimama chini, kukaza macho juu, na kumsikia akiitwa.