Mwalimu haanzi moja

Na Zuhura Mkamba

Usaili wa walimu ulipoanza Januari 2025, waombaji 201,707 walikuwa wakigombea nafasi 14,648 katika shule za serikali ya Tanzania. Kila nafasi ilikodolewa macho na watu karibu 14. Waliokosa hawakukosa kwa kutojua kufundisha; hesabu yenyewe haikuwatosha. Vijana hawa wamezoea kuambiwa "jiajirini", na siku hizi wanaongezewa "ingieni kwenye teknolojia". Ushauri huu wa pili hutolewa kana kwamba mwalimu anatakiwa kuuvua ualimu mlangoni kama viatu msikitini, aingie peku na kuanza moja. Hapo ndipo ninapobisha. Ipo kazi moja katika teknolojia ambayo mwalimu aliyefundisha sawasawa ameshaifanya nusu yake bila kulijua jina lake.

Kazi hiyo ni UX, kwa kirefu usanifu wa uzoefu wa mtumiaji. Jina ni zito, lakini shughuli yenyewe inaelezeka: kuhakikisha mtu aliyeshika simu anakamilisha alichokusudia bila kumwita jirani. Wengi wanadhani ni kazi ya kuchora vitufe na kuvipaka rangi. Don Norman, aliyelieneza neno lenyewe, hakuwa mchoraji. Alikuwa mtaalamu wa saikolojia na profesa wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, akaondoka huko mwaka 1993 kwenda Apple. (Najua, profesa mwenye maabara si sawa na mwalimu wa shule ya kata mwenye vipande viwili vya chaki, lakini alichokwenda nacho Apple hakikuwa brashi.) Katika kitabu chake cha 1988 alishadai kwamba mtu akisukuma mlango wa kuvuta, wa kulaumiwa ni mlango. Mwalimu mzuri haoni jipya hapo. Wanafunzi 30 kati ya 45 wakikosa swali lilelile, halaumu vichwa vya watoto, anarudi kulitazama somo lake.

Chukua andalio la somo. Mwalimu hulipanga kwa hatua, kuanzia utangulizi, na chini kabisa pana nafasi ya tathmini, anapoandika wangapi wameelewa na nini kirudiwe. Wapo wanaoijaza tathmini kabla kipindi hakijaanza, ili mkaguzi akute daftari limekamilika, hao siwazungumzii. Anayeijaza kwa uaminifu anakisia mtu anajua nini tayari, anampa jambo jipya moja kwa wakati, anamtazama akijaribu, kisha anarekebisha. Sasa msimamishe mwalimu huyo kando ya kibanda cha wakala wa pesa za simu. Mama anataka kulipa ankara. Menyu inamtaka aweke namba ya kampuni, anaweka. Inamwambia: "Weka kumbukumbu namba." Anaduwaa. Kumbukumbu ya nini? Muda wa menyu unaisha, anaanza upya, anaduwaa palepale, mwisho anampa wakala simu na kumtajia hadi namba ya siri. Aliyesomea mitambo tu ataona mteja asiyefuata maelekezo. Mwalimu ataona mtoto anayenakili kwa jirani kwa sababu swali halisomeki, naye atashughulika na swali. Ataandika "Weka namba iliyo juu ya ankara yako", kisha atamtafuta mama mwingine ajaribu.

Mwenye shaka aangalie M-Pesa ilikotoka. Majaribio yake nchini Kenya mwaka 2005 yalikusudiwa kuwawezesha wakopaji wa mikopo midogo kulipa marejesho kwa simu. Waliokuwa wakifuatilia wakagundua kwamba wateja wanatumiana pesa wao kwa wao. Huduma ilipozinduliwa Machi 2007, kutuma pesa nyumbani ndiko kulikotangulizwa. Uamuzi huo ulitokana na kutazama watu wanafanya nini, na kukubali kwamba mpango wa mwanzo haukuwa wenyewe. Jakob Nielsen, mwenzake Norman katika UX, aliandika mwaka 2000 kwamba ukiwatazama watu watano tu wakitumia ulichobuni, utakuwa umeyaona matatizo yake mengi. Mwalimu anawatazama 45 kabla ya chai ya saa nne.

Pingamizi zipo, na moja ni nzito kweli: mwalimu amezoea kueleza. Darasani, mtoto asipoelewa, sauti ipo, itarudia, itatoa mfano wa maembe, itauliza "tumeelewana?" na darasa zima litaitikia "ndiyooo" hata kama hakuna aliyeelewa. Kwenye simu sauti hiyo haipo. Tena mwanafunzi hutoka kengele ikilia, ilhali mteja anaifunga programu kwa kidole gumba wakati wowote. Ndiyo maana mwalimu anayehamia huku hushawishika kujaza skrini maelezo, aya juu ya aya, akidhani anasaidia. Hilo lazima aliache, na "tumeelewana?" aiache pia, maana mtumiaji naye huitikia ndiyo kwa adabu tu. Lakini tabia ya kumwaga maneno inapungua kwa mazoezi, na kuchora kwa Figma, programu ya kusanifia skrini, kunajifunzika. Jicho la kuona mtu amekwama wapi, kabla hajasema, huchukua miaka.

Wengine watasema tunazikausha shule. Kwa mwalimu aliye kazini hoja hiyo ina uzito, na shule ya kijijini iliyobaki na walimu watatu haitanishukuru. Ila wale zaidi ya 187,000 waliozidi idadi ya nafasi hawajakausha shule yoyote.

Nafasi za UX nazo ni chache, Dar es Salaam hata Nairobi, na wauza kozi hawalisemi hilo kwa sauti. Cheti cha Google kinachotangazwa kumalizika kwa takriban miezi sita anacho pia jirani yako kwenye foleni. Anayekitegemea peke yake atakutana na msongamano uleule alioukimbia. Afadhali achukue fomu moja inayosumbua watu kweli, ya kuomba mkopo wa chuo mathalani, akae na vijana watano wakiijaza, aandike kila mmoja alikwama wapi, airekebishe, awarudie. Kurasa nne za kazi hiyo zitamsemea kuliko cheti.

Kampuni zetu nazo zijitazame. Eneza Education ya Kenya, iliyopeleka masomo kwa SMS kwenye simu za kawaida kabisa, ilianzishwa na watu ambao mmoja wao, Toni Maraviglia, alitoka darasani. Basi tangazo la kazi linalotaka shahada ya kompyuta au ya sanaa liongezwe maneno mawili: "au ualimu". Na siku ya usaili mwombaji asiulizwe anajua programu ngapi. Aletewe mtu asiyeijua menyu, mtu huyo apewe simu, na jopo likae kimya litazame mwombaji anavyomtazama.