Si Kila Filimbi ni Faulo

Mwaka jana chama chetu kilibandika kwenye ubao wa matangazo orodha ya maneno ya mpira wa vikapu. Tukaambiwa refa aitwe mwamuzi, na ile dabo tunayoipigia kelele kila jioni iitwe mdundo maradufu. Nia ilikuwa njema, na aliyeiandika alikuwa na hati nzuri sana. Lakini mimi nacheza mpira huo, na kwa maoni yangu orodha ile ilihangaikia maneno yasiyo na taabu, ikaliacha lile moja linalotuponza.

Nianze na refa. Wako wanaosema neno hili si Kiswahili kwa kuwa lilitoka kwa Waingereza. Haya, na meza je? Wareno walipofika hapa Malindi na Vasco da Gama mwaka 1498 hawakuja na mpira wa vikapu, maana mchezo wenyewe ulibuniwa na James Naismith kule Springfield, Marekani, mwaka 1891. Lakini lugha yao ndiyo iliyotuachia neno meza, na leo hakuna mechi isiyo na meza: ndipo wanapokaa wanaoandika pointi, wanaohesabu faulo na wanaotazama saa. Mtu akilalamika kwamba "meza wameandika vibaya", hakuna anayemsahihisha Kiswahili chake. Refa naye ameishi kwetu vya kutosha, apewe kitambulisho. Mwamuzi abaki kwenye insha na taarifa za habari, huko anapendeza.

Kandanda ilisaidiwa na redio. Watangazaji kama Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki mwaka 2025, walitangaza mechi kwa Kiswahili, na wazee wetu waliozunguka redio wakajua kipa na kona bila kufundishwa na mtu. Mpira wa vikapu haukubahatika hivyo. Sisi tuliupata shuleni, na kwenye televisheni kwa mechi za NBA, na kote huko ni Kiingereza. Kwa hiyo wengi wetu tuliingia uwanjani na neno moja la kandanda: faulo. Filimbi ikilia, faulo. Mtu akitembea na mpira, faulo. Akikanyaga mstari, faulo!

Hapo ndipo pana taabu, kwa sababu kanuni za FIBA hutenga makosa mafungu mawili. Faulo ni kumgusa mwenzio isivyo halali, yaani kumsukuma, kumpiga mkono au kumzuia kwa mwili, ama kukosa adabu. Hiyo huandikwa. Ukifikisha tano unatoka na hurudi tena (huko NBA ni sita, ndiyo maana wengine hubishana). Timu nayo ikishafanya nne katika robo moja, kuanzia ya tano wapinzani kwa kawaida hupewa mitupo miwili. Fungu la pili ni kuvunja kanuni bila hatia ya kumgusa mtu: kutembea, dabo, kukaa zaidi ya sekunde tatu chini ya kikapu cha wapinzani, au kushindwa kuvusha mpira nusu ya uwanja kwa sekunde nane. Hilo haliandikwi kwenye faulo zako. Unapoteza mpira, basi.

Muhula wa kwanza wasichana wetu walicheza na shule moja ya jirani. Zilibaki dakika nne, tunaongoza kwa pointi moja, na nahodha wetu ana faulo nne. Akapokea mpira, akapiga hatua kabla ya kuudunda, filimbi ikalia. Benchi na watazamaji wote wakapiga yowe: "Faulo! Ya tano hiyo!" Refa alisema neno la Kiingereza likamezwa na kelele. Aliyeshika timu siku hiyo akaingiza mchezaji mwingine haraka haraka, nahodha akatoka analia. Meza walishangaa, lakini kubadilisha mchezaji si kosa, wakaruhusu. Tulipong'amua kwamba alikuwa ametembea tu, hakuweza kurudi papo hapo, kwani aliyebadilishwa hungoja saa ya mchezo itembee kwanza, kisha mchezo usimame tena. Na haukusimama upesi. Wenzetu wakafunga vikapu viwili. Aliporudi tulikuwa nyuma kwa pointi tatu, na tukashindwa kwa tatu hizo hizo. Yuko Kidato cha Nne. Mechi nyingine ya shule hatacheza.

La kuudhi ni kwamba refa alikuwa ameshasema kwa mkono. Kwa faulo huinua ngumi iliyofumbwa. Kwa kosa la fungu la pili huinua kiganja kilicho wazi. Kisha kwa kutembea huzungusha ngumi zake mbili mbele ya kifua, na kwa dabo hupigapiga hewa kwa viganja kama anayedunda mpira. Ishara hizo ndizo lugha rasmi ya uwanjani. Refa wa Kilifi na refa wa Dakar huelewana bila kusalimiana.

Kwa hiyo nasema, dabo tuiache. Kutembea nako tukuache, maana vijana wa hapa hupiga kelele "Refa, yuwatembea huyo!" na hicho ni Kiswahili cha pwani ambacho hakikuhitaji kamati. Kinachokosekana ni jina la lile fungu la pili. Nimelijaribu neno ukiukaji mazoezini. Ni sahihi kabisa, lakini nani atalipigia yowe mpira ukiwa hewani? Mimi napendekeza tuseme kosa tupu: kosa ambalo halina faulo ndani yake. Najua mwalimu mmoja atasema faulo nayo ni kosa. Ni kweli, mwalimu, ndiyo maana nikaongeza tupu.

Naomba chama kibandike ubaoni, kabla ya michezo ya muhula wa kwanza ujao, picha mbili kubwa: ngumi yenye neno faulo, na kiganja chenye maneno kosa tupu. Mwenye kipaji cha kuchora anione wakati wa mapumziko. Penseli za rangi ninazo.