RINGI ZILIZOKATWA: NANI MWIZI?

Ndugu wafanyakazi wa Meru na Embu,

Kila gorofa ikianguka katika Kenya hii, maneno huwa yale yale. Vumbi halijatua bado, na mabwana wenye tai wamekwisha kusimama mbele ya wapiga picha kutuambia ya kwamba kosa ni la mafundi wasiosoma na vibarua wanaoiba vyuma. Sisi wa chama tumechoka na maneno hayo. Leo twataka kusema habari ya kitu kimoja tu, kitu kidogo kinachokunjwa kwa mkono juu ya ubao wenye misumari: ringi ya boriti.

Tuanze na kitu chenyewe, maana wako wanachama wetu wanaobeba karai tu na hawajapata kueleweshwa. Mzigo ukikaa juu ya boriti, boriti hutaka kupinda katikati, na upande wake wa chini huvutwa. Konkriti haiwezi kuvutwa, kwa hiyo vyuma vinene hulazwa chini. Hayo kila mtu ayajua. Hata tajiri mwenye plot huja Jumamosi kuvihesabu vyuma vile vinene, akatosheka, akapanda gari lake.

Lakini karibu na nguzo kuna nguvu ya namna nyingine. Mzigo wasukuma chini, nguzo yasukuma juu, na kati ya hizo mbili konkriti hutaka kukatika kwa ufa wa mshazari, kutoka chini penye nguzo kupanda kuelekea katikati. Vyuma vya chini peke yao haviwezi kuuzuia ufa huo. Kinachouzuia ni ringi, kwa kuwa zimesimama wima na kuukatiza, zikaishona boriti kama mshonaji anavyoshona gunia lililopasuka. Ndiyo sababu plani huziweka karibu karibu penye nguzo, na mbali kidogo katikati.

Na sasa sikilizeni tofauti iliyopo. Boriti iliyotengenezwa vizuri ikizidiwa katikati, huonya. Hulegea, nyufa huonekana, mlango hukwama. Mama huona, akawatoa watoto. Boriti isiyo na ringi za kutosha haina adabu hiyo. Hukatika ghafula penye nguzo, na mara nyingi hakuna nafasi hata ya kupiga kelele.

Wala msidhani haya ni mambo ya mafundi wa Makutano au Runyenjes tu. Mwezi wa Agosti, mwaka 1955, sehemu ya paa la ghala la jeshi la anga la Marekani ilianguka huko Shelby, Ohio. Boriti zake kubwa zilikatika mahali pasipokuwa na ringi hata moja. Mzigo juu yake ulikuwa karibu uzito wa paa lenyewe tu, lakini konkriti ilikuwa imejivuta kwa kukauka na kwa baridi, na hayo yakatosha. Mainjinia walikuwako pale na plani zilikuwako, na hakuna kibarua aliyeiba kitu. Wamarekani hawakumtafuta fundi wa kumfunga. Walirudi kwenye vitabu vyao wakazikaza kanuni zenyewe.

Basi turudi nyumbani, tupige hesabu. Chukua boriti ya urefu wa mita 5, kimo chake milimita 450, upana milimita 200. Plani yasema ringi za chuma cha milimita 8, kila baada ya milimita 200. Hizo ni ringi 26. Ringi moja yala chuma cha mita moja na robo hivi, uzito wake karibu nusu kilo. Sasa kontrakta aja asubuhi, atazama lori la konkriti linalosubiri, asema: "Weka kila baada ya mia nne." Ringi zimekuwa 14. Amebakiza kilo 6 za chuma. Kilo 6! Chuma kimoja cha mita 12 na kipande kidogo. Hiyo ndiyo bei aliyoiweka juu ya vichwa vya watu watakaolala chini ya boriti ile miaka hamsini.

Nayo kanuni ni wazi. Kipimo cha Waingereza, BS 8110, ambacho mainjinia wa Kenya wamekifuata kwa miaka mingi, kilikataza ringi kuachana zaidi ya robo tatu ya kimo cha boriti kinachopimwa kutoka juu mpaka kwenye vyuma vya chini. Kwa boriti yetu hiyo ni milimita 300. Sababu yake mtoto aweza kuielewa: ringi zikiachana sana, ufa wa mshazari utapita katikati ya mbili bila kugusa hata moja, na ringi zile zitakuwa mapambo.

Nani aliamuru mia nne? Si aliyekunja. Fundi wa vyuma hulipwa kwa siku, na chuma kilichobaki hakiendi kwake. Kama twaambiwa tunaiba, na tuulizwe basi kilo zile 6 zililala kwa nani.

Hatusemi kwamba ringi ndizo zilizowaua watu wapatao 50 kule Huruma, Nairobi, usiku wa tarehe 29 Aprili 2016. Jengo lile lilikuwa na makosa mengi, nalo lilikuwa limekwisha kuwekewa alama ya kubomolewa na watu wakaendelea kutozwa kodi ndani yake. Twasema hivi: alama ya rangi ukutani haikuokoa mtu. Inspekta anayekuja baada ya konkriti kumwagwa haoni ringi. Yaona nini, macho yake, ila ukuta mzuri? Ringi huonekana siku moja tu, kabla ya kumwaga, na siku hiyo sisi ndio tulio pale.

Kwa hiyo chama chadai mambo haya kwa makontrakta wote, kuanzia Embu mpaka Maua. Plani ya vyuma iwe kwenye mjengo, si nyumbani kwa tajiri. Konkriti isimwagwe kabla injinia hajaziona ringi na kutia sahihi yake kwenye karatasi, na nakala ibaki kwa foromani. Atakayeamuru ringi zipunguzwe aandike amri yake na jina lake. Tutaona wangapi watakubali kuandika.

Na fundi anayekataa asifukuzwe. Sheria ya usalama kazini ya mwaka 2007, kifungu cha 14, yampa mfanyakazi wajibu wa kumwambia msimamizi wake akiona hatari kubwa, na yamkataza tajiri kumrudisha mahali pale hatari ikiwa bado ipo. Wengi wetu hatujaisoma. Makatibu wa matawi waichukue nakala ya kifungu hicho, waisome kwa sauti wakati wa chakula cha mchana, kwa Kiswahili na kwa Kimeru na kwa Kiembu, na mwanachama yeyote aliyefukuzwa kwa ajili ya ringi alete jina lake na la mjengo kwa katibu wa tawi kabla ya mwisho wa mwezi.