Picha bila Tarehe ni Mali bila Daftari

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii ya wafanyabiashara inazihusu pia picha kongwe zilizofungiwa makabatini katika nyumba za Mji wa Kale, Mombasa. Babu aliyevaa kanzu na koti amesimama kando ya motokaa, mkono umewekwa juu ya boneti, uso umejaa fahari. Nyuma ya karatasi hapana jina wala mwaka. Wajukuu wakiulizwa hujibu kuwa ni zamani za Mwingereza, na asiyeridhika na jibu hilo hubuni mwaka umpendezao.

Kubuni mwaka ni kosa ilhali ushahidi umo pichani. Motokaa ni shahidi mwema kwa kuwa viwanda viliyabadilisha maumbo yake mara kwa mara, na mabadiliko hayo yanajulikana. Ford Model T, kwa mfano, iliundwa tangu 1908 hadi 1927. Yenye rejeta ya shaba inayong'aa haivuki 1916. Volkswagen yenye umbo la kobe nayo hutambulika kwa kioo cha nyuma: vioo viwili vidogo hadi 1953, kimoja cha mviringo wa yai hadi 1957, kisha kipana cha pembe nne. Familia inayodai kuwa picha yenye kioo cha yai ilipigwa harusini mwaka 1938 haina budi kuifikiri upya kauli yake.

Hata hivyo, shahidi huyu ana mipaka. Mwaka wa gari huthibitisha tu kwamba picha haikupigwa kabla yake. Hauthibitishi kwamba ilipigwa mwaka huo huo. Gari lililoundwa 1955 laweza kuwa liliteremshwa bandarini Kilindini likiwa jipya, likauzwa mara tatu, likatiwa viraka na mafundi, na likapigwa picha mwaka 1970. Aidha, aliyeliegemea huenda hakuwa mwenyewe. Kwa hiyo mtu mwaminifu ataandika "si kabla ya 1955", wala hataona haya kuishia hapo.

Ili kupunguza shaka, yafaa mji wenyewe nao uitwe utoe ushahidi. Mwanzoni mwa karne ya 20, barabara za kisiwa zilikuwa na reli nyembamba zilizopitisha matoroli yaliyosukumwa na watu. Motokaa ikionekana pamoja na reli hizo, picha ni ya kale mno. Daraja la Nyali lililoelea majini lilidumu tangu 1931 hadi lilipojengwa jipya mwaka 1980. Pembe za ndovu za Moi Avenue, iliyoitwa Kilindini Road hapo awali, ni za miaka ya 1950. Na nambari za gari zikisomeka kinyume, ijulikane kuwa picha imechapishwa upande usio wake.

Hapo ndipo wazee wanapohitajika. Mzee akiulizwa mwaka, huenda akanyamaza. Akiulizwa gari lilikuwa la nani, ulimi hufunguka: atamtaja dereva, atataja Idi ambayo gari hilo liliwabeba watoto, atasema kama ilikuwa kabla ya uhuru wa 1963 au baada yake. Chuma hutoa mwaka wa mwanzo, mji huubana muda, na mzee hutoa majina. Mmoja wao akikosekana, habari huwa pungufu. Na kati ya watatu hao, ni mzee pekee asiyeweza kungojwa.

Wapo watakaosema kuwa kazi hii ni ya wanahistoria, haiwahusu wanafunzi wa Kiswahili. Hoja hiyo haina mashiko. Mzungumzo kuhusu picha ni hazina ya lugha. Neno "motokaa", lililokwisha kumezwa na "gari", bado limo vinywani mwa wazee. Na "gari" lenyewe ni mgeni aliyetoka Bara Hindi. Jina la Ndia Kuu, barabara mashuhuri ya Mji wa Kale, limeihifadhi lafudhi ya Kimvita ambayo wengi husema "njia". Ni nani atakayeyanukuu maneno hayo jinsi yanavyotamkwa, ikiwa si mwanafunzi wa lugha?

Basi kila mwanafunzi arejeapo nyumbani likizoni aketi na mzee mmoja na picha moja. Aandike kwa penseli laini nyuma ya picha: nani, wapi, gari gani, si kabla ya lini, na ni nani aliyesema. Kazi hiyo ni ya alasiri moja. Picha itabaki kabatini miaka mingine hamsini, lakini aijuaye huenda asiuone mwaka ujao.